Sura Inayolia kwenye Pakiti

Baada ya sala ya adhuhuri, dukani kwangu hapa Pugu wateja hukatika na joto hunining'inia kwenye kope. Saa hizo silali, ila siwezi kusema niko macho. Nasikia treni ikipita kule bondeni, nasikia kuku wa jirani akitangaza yai lake, na polepole bidhaa zilizopangwa kwenye rafu huanza kuniangalia. Nimekaa nyuma ya wavu huu miaka ishirini na tisa, tangu marehemu mume wangu Jaffar aliponileta, na sikujua kwamba zinaniangalia mpaka Mzee Leonardi aliponiambia. Tangu hapo usingizi wangu wa mchana umeharibika, na lawama zote ni zake.

Leonardi ni Mmakonde wa Newala, mchongaji. Alikuja Dar miaka ya themanini na patasi nne ndani ya gunia na mke mmoja, Yuliana. Alichonga kule Mwenge kwa miaka mingi, watu waliobebana mabegani, vikongwe, mashetani yenye macho matatu. Mpingo ulipoadimika na wanunuzi wakaanza kupenda vitu vya rangirangi vya haraka, akahamia Pugu, akajenga banda la mabati nyuma ya nyumba yake, akawa anachonga michi, miiko na mbuzi za kukunia nazi. Mwiko wake ninao mpaka leo, una shingo nzuri kuliko yangu. Sura aliziacha kabisa. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa anasema hana hamu nazo, halafu anainamia mchi wake kama hujauliza kitu.

Ni mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache anaudhi akisimama mbele ya duka. Alikuwa anaweza kukaa pale nusu saa, mikono nyuma, bila kununua hata kiberiti. Siku moja uvumilivu ukaniisha.

"Baba Alfonsi," nikamwambia, kwa jina la mwanawe wa pekee anayefanya kazi Mtwara, "unanunua au unalinda?"

"Naangalia nyuso, Bi Thuraya."

"Za nani?"

"Za hizi pakiti zako. Zote zinacheka. Umewahi kuona kijiji kizima kinacheka, hakuna hata mmoja aliyenuna? Hapo pana jambo."

Nikageuka kuangalia. Kweli bwana, biskuti zilikuwa zinacheka. Juisi zilikuwa na maembe yenye mashavu, unga wa uji ulikuwa na mtoto mnene anayecheka mpaka fizi, na hata viungo vya supu vilikuwa na mpishi aliyefurahi kupita kiasi. Leonardi akachukua pakiti moja ya biskuti za maziwa, akaigeuza nyuma, akaisogeza mbali na macho yake, akaileta karibu.

"Mbele anacheka," akasema. "Mgongoni anaungama, tena kwa sauti ya chini."

Alikuwa anazungumzia herufi. Zile herufi ndogo za nyuma, zinazotaja sukari na chumvi na mafuta, ambazo hata mie nazisoma kwa miwani na kwa hasira. Nikamuuliza tangu lini anajali mambo ya mgongoni. Ndipo akaniambia kuhusu mguu wa Yuliana.

Yuliana alikuwa na sukari mwaka wa sita sasa. Kidonda kidogo, cha kukanyaga kipande cha mti bandani, kilikuwa kimekaa chini ya vidole vyake tangu msimu wa maembe na hakikutaka kufunga. Sista Elinaza, muuguzi wa kliniki ya sukari, alimweleza bila kuzunguka: sukari isiposhuka, kidonda hakifungi, na kisipofunga, mguu utakatwa chini ya goti. Alimwambia pia asome pakiti kabla ya kununua. Basi wale wawili wakaenda wakanunua juisi iliyoandikwa asilia kwa herufi kubwa za kijani, na Yuliana akainywa wiki nzima akijiona mtiifu. Walipomwonyesha sista boksi lake, alishika kichwa.

"Nisomee hii," Leonardi akasema, akinipa ile pakiti kupitia tundu la wavu.

Tukaanza hivyo. Kila adhuhuri alikuja, nikavaa miwani nikamsomea migongo ya bidhaa zangu mwenyewe. Sista Elinaza alituandikia kipimo kwenye karatasi, kiasi gani ni kawaida na kiasi gani kimezidi, nami nikaibandika karatasi hiyo kando ya picha ya Makka. Nilisoma huku nasinzia, yeye akisikiliza macho ameyafumba, na ungepita ungedhani namsomea hadithi. Biskuti za maziwa zimezidi. Juisi ya maembe imezidi. Unga wa uji wa mtoto mnene, nao umezidi. Nilipofika hapo usingizi ukaniruka, maana huo unga nilikuwa nauuza kwa akina mama wajawazito nikiusifia.

Na nilimkumbuka Jaffar. Jaffar alikuwa anakunywa soda mbili kila mchana, za duka letu wenyewe, akipangusa masharubu na kumshukuru Mungu, na sukari ilikuwa inamla miguu na macho taratibu. Mie ndiye niliyekuwa namfungulia vizibo. Silisemi hili mara nyingi. Linaniuma.

Sista Elinaza alipita dukani siku moja akitoka kazini, akatukuta kwenye kisomo chetu. Akacheka, akatoa simu. "Kuna nchi hawahangaiki hivi," akasema. "Wanabandika onyo mbele kabisa ya pakiti. Alama nyeusi ya pembe nane. Sukari ikizidi, moja. Chumvi ikizidi, nyingine. Hata mtoto anaelewa."

Leonardi akaishika ile simu kwa mikono miwili. "Hii kachonga nani?"

"Hakuna aliyechonga, mzee. Ni alama tu."

"Ndiyo maana," akasema, akamrudishia. "Haina jicho, haina mdomo. Kitu kisichokuangalia kitakuzuiaje?"

Hakuonekana siku nne. Siku ya tano alikuja na kipande cha mpingo kirefu kama kidole, na mwisho wake amechonga sura isiyozidi kizibo cha soda. Akakichovya kwenye wino wa mihuri, akakigandamiza kwenye stika nyeupe, zile za kubandikia bei. Kwenye stika akatokea mwanamke mzee. Paji la uso lilikuwa na chale za wazee wa kwao, mdomo wa juu umesukumwa mbele na pambo la ndonya, mashavu yamevutwa chini, na macho yamefumbwa kwa nguvu juu ya machozi mawili. Alikuwa analia uso mzima. Nilipomwangalia nilinyamaza, na mie si mtu wa kunyamaza.

"Ni nani huyu?"

"Sura tu," Leonardi akasema, akiangalia magunia ya mchele. "Kila iliyozidi, bandika huyu mbele. Yuliana akimwona ataacha."

"Dukani kwangu? Unataka nifungue duka la matanga?"

Aliweka stika mezani akasubiri, mikono nyuma. Nikafikiria vizibo vya Jaffar. "Ukinifukuzia wateja," nikamwambia, "nitakufukuza wewe." Nikaanza kubandika, biskuti baada ya biskuti, na tukakubaliana kwamba chochote chenye mwanamke huyu simuuzii Yuliana.

Mchana ule usingizi uliponijia, rafu zilikuwa zimegawanyika. Nusu ya nyuso zilicheka, nusu zililia, na duka lilikuwa na arusi na msiba kwa wakati mmoja, watu wote wamenikalia kimya wakisubiri nianze kupakua chakula. Niliamka nikiwa na mkono kwenye mzani.

Wiki haikupita, wateja wakaanza kuniomba. "Nipe yenye bibi, mama." Nikampa. Akaja mwingine, "Na mie yenye bibi." Nilidhani wametishika wanataka kuona vizuri. Mpaka kijana mmoja wa bodaboda aliponiinamia kwenye tundu la wavu akanong'ona, "Mama, ukikusanya bibi wangapi unapewa nini?"

Nikaelewa. Mjini hapa pakiti ikibandikwa kitu cha ziada mbele, ni promosheni. Chana ushinde, kusanya upate. Mmoja alikuwa amesikia ni simu, mwingine alikuwa na uhakika ni bajaji. Nikawaambia ni onyo, sukari imezidi humo ndani. Wakacheka. "Tangu lini onyo likawa zuri hivi," akasema dada mmoja, akambandua bibi taratibu akambandika nyuma ya simu yake. Khalfani, anayeniletea biskuti kutoka mjini, alikuja amenuna kwamba naharibu bidhaa za watu. Alipoona rafu imekauka, akaniuliza stika napata wapi.

Nilimweleza Leonardi. Alisikitika, hilo nililiona. Lakini niliona pia shingo yake ikinyooka kidogo, baada ya miaka kumi ya michi. "Labda machozi hayaonekani," akasema. Akaondoka, akarudi na muhuri mpya, machozi yamechimbwa zaidi, na chale za paji la uso zimekuwa nzuri ajabu. Pakiti zenye bibi huyo ziliuzika zaidi ya zile za mwanzo.

Sasa niseme langu. Yuliana alikuwa anakuja. Alikuja saa zile za usingizi wangu, Leonardi akiwa amekwenda upande wa Kisarawe kutafuta magogo. Ni mwanamke mpole, mnene wa kiasi, alikuwa anatembea akiuvuta mguu uliofungwa bendeji ndani ya ndala ya mumewe. Anasimama mbele ya wavu, anatabasamu.

"Habari za mchana, Bi Thuraya. Nipatie zile za maziwa."

"Za nani, mama Alfonsi?"

"Za wageni."

"Wageni tena?"

"Wanakujaga," anasema. Nami nampa, kope nusu, naambiwa asante, na ndala inaondoka ikiburura vumbi. Nilidhani naye anakusanya, apate bajaji. Kama anazila, hilo nililijua nusu, na nusu nyingine nikailaza usingizi. Hapo sina wa kumlaumu.

Masika yalipoanza, Leonardi alikuja dukani amelowa, hakusimama mbali kama kawaida yake. Alishika wavu kwa vidole.

"Wamempima jana. Imepanda. Kidonda kimeingia ndani, kidole kimoja cheusi. Sista amempa wiki tatu kabla ya kukata." Mvua ikapiga bati. "Nyumbani kwangu hamna sukari hata punje, Bi Thuraya. Inatoka wapi?"

Alipoondoka nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya tangu arobaini ya Jaffar, nikajitanda kanga nikaenda kwao kwa njia ya nyuma.

Nilimkuta Yuliana kitandani, mguu juu ya mto. Nilianza kusema kabla sijakaa. Nilimwambia ni mtu mzima ovyo, kwamba mumewe anakonda kwa ajili yake, kwamba bajaji hakuna, haijawahi kuwepo, na hata ingekuwepo angeiendesha kwa mguu gani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema, "Fungua kabati."

Nikafungua. Upande wa ndani wa mlango wa kabati, kutoka juu mpaka chini, walikuwa wamebandikwa wale wanawake. Wengine wino umefifia, wengine machozi mapya yamechimbwa, wamepangwa kwa mistari, bega kwa bega, wote wanalia. Chumba kilikuwa na giza la mvua na harufu ya dawa ya kidonda. Kwa muda nilisahau nilikokuwa. Nilihisi kama nimefungua mlango wa nyumba ya watu.

"Ni mama," Yuliana akasema.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliniambia polepole, akiangalia kabati. Mama yake hakupiga picha hata moja maishani. Alifariki Newala wakati wao wako Dar, na walipofika walikuta udongo. Miaka ikapita, akaanza kumpoteza. Kwanza ilipotea sauti. Halafu akawa anamwota kwa mgongo tu, anatembea mbele yake kwenye njia ya shamba la mihogo, anamwita na hageuki. Mpaka siku alipokuja kwangu kununua chumvi, akamwona amekaa kwenye pakiti ya biskuti.

"Nilikuwa nimeshasahau pua yake," akasema. "Ile ndo pua yake."

"Si ungemwambia mumeo akuchongee kubwa?"

Alinitazama kama nimesema kitu cha aibu. "Nimwambie nini, Bi Thuraya? Sie kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mkwe anaingia porini mpaka mama apite. Jina hamtaji. Leo nimwambie baba Alfonsi nimemjua uliyemchonga? Si nitakuwa nimemvua nguo. Ataitupa patasi. Miaka kumi hajachonga sura, na mwaka huu nalala nasikia anapiga msasa, naona raha."

"Ungebandua stika ukaacha biskuti."

"Nibandue kitu cha dukani bila kununua? Huo wizi. Na nikishanunua, biskuti nimpe nani, kuku?" Akatabasamu kidogo. "Na utamu nao upo, nisikudanganye. Nakaa hapa nakula, mama ananiangalia analia, namwambia basi mama, hii ya mwisho."

Nililia, na nikawa na hasira kwa sababu nalia. Nilimwambia sikubaliani na upuuzi huu, kwamba mie si mkwe wa mtu, si Mmakonde, na mdomo wangu haujafungwa na desturi ya yeyote. Hakunizuia. Nadhani kwa ajili hiyo aliniambia nifungue kabati.

Leonardi alikuwa bandani anapiga msasa mwiko. Nilisimama mlangoni na kumweleza yote, kanga inanichuruzika maji. Hakuinua kichwa. Msasa uliendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka nikafika kwenye kabati. Ukasimama.

"Nilimwangalia mara moja tu," akasema. "Siku ya kuja Dar. Alichukua mkono wa Yuliana akautia kwenye wangu. Akasema, nakupa mzima, nirudishie mzima. Nikasahau adabu, nikainua macho. Alikuwa analia vile." Akaugeuza mwiko kwenye kiganja. "Hajatoka machoni mwangu. Nikasema, yeye aliyenikabidhi, basi yeye ndiye amzuie mwanawe. Niliona atamsikiliza."

"Na yeye ndiye anayemvuta," nikamwambia. Lilikuwa neno kali na lilimpata. "Umechonga vizuri mno, baba Alfonsi. Huyu mtu hamfukuzi mtu."

Nilimwacha na mvua yake.

Siku tatu nikawa nambandua bibi kwenye bidhaa zangu, peke yangu, kwa ukucha na mafuta ya taa. Siku ya nne Leonardi akaja. Aliweka mezani kipande cha mti, si mpingo, ni kijiti cha boksi la nyanya. Mwisho wake ulikuwa na pembe nane. Hakukuwa na kitu kingine. Hakuwa amepiga hata msasa. Aligandamiza kwenye stika, ikatoka doa jeusi lenye pembe, jeusi tupu, baya, la kukata hamu ya kila kitu kilicho karibu nalo. Niliangalia mikono yake, ile mikono iliyochonga chale za paji la uso kwenye nafasi ya kizibo, nikajua kazi ile ilimgharimu kuliko zote.

"Bandika hii," akasema. Halafu akatoa chini ya koti kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, kizito. "Na hii mpelekee mama Alfonsi. Mie siwezi kumbeba mbele yake."

Nilipeleka mwenyewe. Yuliana alifungua kitambaa juu ya mapaja yake. Alikuwa mama, wa mpingo, ukubwa wa ngumi mbili, na halii. Macho yako wazi, yanaangalia upande, kama mtu aliyeitwa njiani akageuka. Yuliana alipitisha kidole kwenye pua, kwenye chale, kwenye ndonya. Alimlaza ubavuni mwake akavuta shuka mpaka mabegani mwa wote wawili, akalala, na nilitoka kwa kunyata.

Hakuja tena saa za usingizi wangu. Wateja waliuliza bibi yuko wapi, nikawaambia kaenda kwao. Doa jeusi hakuna aliyelibandika nyuma ya simu. Wengine walinunua vilevile, wengine walishika, wakaangalia, wakarudisha, na akina mama wawili wa unga wa uji waliniuliza maana yake nikavaa miwani nikawasomea mgongoni. Khalfani hajauliza tena stika zinapatikana wapi.

Yuliana alikatwa vidole viwili. Mguu ulibaki. Sukari ilishuka taratibu, kidonda kikafunga kuanzia ndani, na Sista Elinaza alikuja dukani kuniambia mwenyewe, akanywa maji akakaa nami. Chumbani kwao, naambiwa, mama wa mpingo amekaa juu ya kabati, na kila Leonardi anapotaka kuingia hukohoa mlangoni, Yuliana akamfunika mama yake kwa kitambaa, ndipo mume anaingia.

Kiangazi kiliposhika walipanga safari ya Newala, kwenda kwenye kaburi. Asubuhi ya safari walipita kwangu, Leonardi na begi, Yuliana na viatu vya kufunga vilivyojazwa pamba upande mmoja. Alitaka kitu cha kutafuna njiani. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye biskuti za maziwa. Akalikuta doa.

"Hii kachonga nani?" akauliza.

Leonardi aliangalia magunia ya mchele.

"Hakuna aliyechonga," nikasema. "Ni alama tu."

Yuliana alilikwangua doa kwa ukucha, akaligeuzia kwenye mwanga, akalitafuta muda. "Hamna mtu humu," akasema, akairudisha pakiti mahali pake. Akachukua karanga.

Walipokuwa wanaondoka, Leonardi alisimama. Alikuwa anaangalia viatu vya mkewe. "Nitamwambia nini?" akasema, na sikujua ananiuliza mie au mkewe. "Nilipewa mzima."

"Hutamwambia kitu," Yuliana akasema. "Tangu lini wewe ukaongea na mkwe? Utasimama kule mbali, uangalie chini. Mie ndo nitamwambia." Akaweka karanga ndani ya kanga akafunga fundo. "Nitamwambia mama, ni vidole viwili tu. Nimekuja kwa miguu yangu."

Wakashuka kuelekea barabarani, yeye mbele, mume nyuma na begi, hatua kadhaa nyuma yake na kichwa kimeinama. Nilitoka nje ya wavu niwaone vizuri. Nilisimama pale mpaka walipokata kona, nikiangalia vumbi la viatu vya Yuliana, la kushoto na la kulia.